Viunganishi Viwili katika Sentensi Moja: Uhakiki wa Kanuni ya "Although" na "But" katika Ufundishaji wa Sarufi ya Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kanuni inayorudiwa mara nyingi katika ufundishaji wa sarufi ya Kiingereza kwa wazungumzaji wa Kiswahili, kwamba sentensi moja haiwezi kubeba viunganishi viwili, na kwamba hiyo ndiyo sababu neno "although" haliwezi kufuatwa na neno "but". Kanuni hiyo inapimwa kwa sarufi tatu zenye uzito katika historia ya lugha hiyo: ya Lindley Murray (1795), ya Randolph Quirk na wenzake (1985), na ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum (2002). Uhakiki unaonesha kuwa hakuna hata moja kati ya sarufi hizo inayoiunga mkono kanuni hiyo, na kwamba mbili kati yake zinaorodhesha wazi jozi ya maneno ambayo mwalimu wa leo angeifuta. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi anayeandika "although" kisha "but" hana upungufu wa mantiki. Muundo wake ni sahihi. Neno alilolichagua ndilo lisilofaa, na chanzo cha uteuzi huo ni mazoea ya kulifanya neno "lakini" kuwa sawa na "but" kila lilipo.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa makosa yanayosahihishwa mara nyingi katika insha za Kiingereza za wanafunzi wa Afrika Mashariki ni sentensi ya aina hii: "Although it rained heavily, but the pupils came to school." Sentensi hiyo hupigwa mstari, neno "but" hukatwa, na pembeni huandikwa maelezo mafupi kuwa viunganishi viwili havikai katika sentensi moja. Mwanafunzi hukubali, kwa kuwa hana la kujibu. Wiki mbili baadaye kosa lile lile hurudi.

Kurudi huko kunastahili kuchunguzwa. Kosa linalorudi baada ya kusahihishwa mara nyingi ni dalili kwamba sababu iliyotolewa haikugusa mahali lilipoanzia. S. Pit Corder, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu umuhimu wa makosa ya mwanafunzi wa lugha, alitofautisha kuteleza kwa bahati na kosa lenye utaratibu. Kuteleza hakuoneshi chochote zaidi ya uchovu au haraka. Kosa lenye utaratibu, kwa upande wake, ni ushahidi wa sarufi ambayo mwanafunzi amekwisha kuijenga kichwani, na mwalimu anayelifuta bila kulisoma huutupa ushahidi huo.

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na kuanzia Kidato cha Kwanza Kiingereza huchukua nafasi hiyo. Nchini Kenya Kiingereza ni lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na kuendelea. Hivyo kiunganishi cha Kiingereza hakitumiki katika somo la Kiingereza peke yake. Hutumika pale mwanafunzi anapoeleza kwa nini utawala fulani ulianguka, kwa nini mmea hunyauka, au ni katika hali gani kanuni ya fizikia haifanyi kazi. Sababu, sharti, ukinzani na matokeo hubebwa na viunganishi. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa amekosa mantiki pale alipokosa neno hupimwa akili kwa kipimo kisichohusika.

2.0 Kanuni na Mipaka Yake

Kanuni inayohakikiwa ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya muundo: sentensi moja, kiunganishi kimoja. Sehemu ya pili ni ya mantiki: kwa kuwa "although" limekwisha kuonesha ukinzani, kuongeza "but" ni kuusema ukinzani ule ule mara mbili.

Sehemu ya kwanza haihimili hata mifano ya kawaida kabisa. Kiingereza kina jozi nyingi za maneno zinazogawana kazi ya kuunganisha katika sentensi moja: "either" na "or", "neither" na "nor", "both" na "and", "not only" na "but also". Mwalimu anayefundisha jozi hizo Jumatatu na kutangaza kanuni ya kiunganishi kimoja Jumatano anajipinga mwenyewe. Zaidi ya hayo, viunganishi viwili vinaweza kufuatana bila neno lolote kati yake. Sentensi "He called her, but although she heard him, she did not answer" ni Kiingereza safi, na ndani yake "but" na "although" vimeketi bega kwa bega. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Katika sentensi hii "but" limetangulia, nalo linaunganisha taarifa ya kwanza na taarifa yote inayofuata, ambayo ndani yake mna kishazi cha "although". Kama tatizo lingekuwa idadi ya viunganishi, sentensi hii ingekuwa mbovu zaidi ya ile ya mwanafunzi.

Sehemu ya pili, ile ya mantiki, inaanguka kwa mfano mmoja. Kiingereza kinaruhusu "if" katika kishazi cha kwanza na "then" katika cha pili: "If the water boils, then the lid will move." Sharti limeoneshwa na "if", na "then" linalionesha tena upande wa matokeo. Hakuna anayesema kuwa sharti limetajwa mara mbili kwa makosa. Lugha inayoruhusu urudiaji katika sharti haiwezi kuukataa katika ukinzani kwa hoja ya mantiki. Kinachokataza "although" na "but" lazima kiwe kitu kingine.

Kanuni hii ina jamaa zake katika ufundishaji wa Kiingereza. Mojawapo ni ile inayokataza kuanza sentensi kwa "and" au "but". Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina sentensi nyingi mno zinazoanza kwa "And", kwa kufuata mtindo wa usimulizi wa Kiebrania, na waandishi wa Kiingereza wa kila karne iliyofuata wameendelea kufanya hivyo. Jamaa mwingine ni kifupisho "FANBOYS", kinachotumiwa sana katika madarasa ya uandishi ya Marekani ili kukumbuka viunganishi saba: "for", "and", "nor", "but", "or", "yet" na "so". Kifupisho hicho ni rahisi kukariri, lakini kinaweka katika kapu moja maneno yasiyo na tabia moja. "Yet" na "so" huweza kutanguliwa na "and", kama katika "and yet" na "and so". "But" haliwezi: hakuna mzungumzaji wa Kiingereza anayesema "and but". Tofauti hiyo ndogo, ambayo kifupisho kinaificha, ndiyo ufunguo wa tatizo linalojadiliwa hapa.

3.0 Kanuni Mbele ya Sarufi Tatu

3.1 Lindley Murray (1795)

Murray alikuwa Mmarekani aliyehamia Uingereza, na sarufi yake iliyochapwa mjini York mwaka 1795 ikawa miongoni mwa vitabu vya sarufi vilivyotumika sana shuleni, Uingereza na Marekani, katika karne ya 19. Alichota mengi kutoka kwa Robert Lowth, aliyechapisha sarufi yake mwaka 1762. Kwa Murray, viunganishi ni vya makundi mawili: vinavyoambatanisha na vinavyotenganisha. "And", "if" na "because" vimo katika kundi la kwanza. "But", "though" na "yet" vimo pamoja katika la pili, kwa kuwa vyote huonesha ukinzani wa maana.

Udhaifu wa mgawanyo huu ni kwamba umejengwa juu ya maana peke yake. Kwa kuwa "but" na "though" viko katika kundi moja, sarufi ya Murray haina njia ya kueleza kwa nini sentensi "She came though she was ill" inaweza kupinduliwa ikawa "Though she was ill, she came", ilhali "She was ill but she came" haiwezi kupinduliwa ikaanza na kishazi cha "but". Maneno yanafanana kwa maana, yanatofautiana kwa mwenendo, na Murray anaona kufanana tu.

Hata hivyo, Murray ana jambo moja ambalo wanaomfuata bila kumsoma wamelipoteza. Kama Lowth kabla yake, anaorodhesha viunganishi vinavyokwenda kwa jozi, kimoja kikijibu kingine katika sehemu ya pili ya sentensi. Miongoni mwa jozi hizo ni "though" pamoja na "yet" au "nevertheless". Yaani kitabu kilichowafundisha watoto wa Kiingereza wenyewe kwa vizazi kadhaa kiliutaja urudiaji wa ukinzani katika sentensi moja kuwa utaratibu wa lugha. Kanuni ya kiunganishi kimoja haikutoka kwa Murray.

3.2 Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik (1985)

Sarufi hii kubwa haianzi na maana. Inaanza na majaribio ya kisintaksia, kisha inauliza ni neno lipi linalofaulu mangapi. Je, neno lazima likae mwanzoni mwa kishazi chake? Je, vishazi viwili vinaweza kubadilishana nafasi? Je, neno linaweza kutanguliwa na kiunganishi kingine? Je, linaweza kuunganisha vipande vidogo kuliko kishazi? Kwa majaribio ya namna hiyo "and" na "or" hujidhihirisha kuwa viunganishi ambatanishi halisi, na "but" huwafuata kwa karibu. "Yet" na "so" hushindwa jaribio la kutanguliwa na kiunganishi, na hivyo husogea upande wa vielezi.

Mchango wa mkabala huu ni kuonesha kuwa mpaka kati ya uambatanishaji na utegemezi ni mteremko, wala si ukuta. Neno linaweza kuwa na tabia nyingi za upande mmoja na chache za upande wa pili. Na katika mjadala wa viunganishi vya jozi, waandishi hawa pia wanaonesha kuwa "although" na "though" huweza kuitikiwa na "yet", "nevertheless" au "still" katika kishazi kikuu. Karibu miaka 200 baada ya Murray, jozi ile ingali inatambuliwa. "But" haimo kwenye orodha hiyo, na sasa sababu inaanza kuonekana: maneno yanayoitikia ni vielezi, ambavyo hukaa ndani ya kishazi kikuu bila kudai kuunganisha chochote. "But" ni kiunganishi ambatanishi, nacho kinadai vipande viwili vyenye hadhi sawa.

Upungufu wa sarufi hii kwa mwalimu wa shule ni wingi wake. Majaribio yake yametawanyika katika kurasa nyingi, na mteremko unaoelezwa humo, ingawa ni wa kweli, haugeuki kwa urahisi kuwa maelezo ya dakika tano ubaoni.

3.3 Huddleston na Pullum (2002)

Sarufi ya tatu inachukua hatua ambayo Otto Jespersen aliipendekeza mwaka 1924. Jespersen alitazama maneno kama "after", "before" na "since", ambayo huweza kufuatwa na nomino, kufuatwa na kishazi, au kusimama peke yake. Aliona kuwa kuyaita kihusishi, kiunganishi na kielezi kwa zamu ni sawa na kukipa kitenzi jina jipya kila kinapobadilisha yambwa. Huddleston na Pullum wanaipanua hoja hiyo. Kwao "although" na "because" si viunganishi kabisa. Ni vihusishi vinavyochukua kishazi kama kijalizo chao. Tapo la viunganishi tegemezi linabaki na maneno machache tu, kama "that" na "whether".

Uainishaji huu unaweza kumshtua msomaji aliyelelewa na orodha za zamani, na ni kweli kwamba istilahi yake haifai kuingizwa darasani bila maandalizi. Lakini ndio unaotoa maelezo mafupi na ya wazi kuliko yote. Ikiwa "although it rained" ni kirai kimoja kinachofanya kazi sawa na "despite the rain", basi hakuna vishazi viwili vinavyosubiri kuunganishwa. Kuna kishazi kimoja kikuu na pambo lililotangulizwa mbele yake. "Despite the rain, but the pupils came" inasikika mbovu hata kwa mwanafunzi ambaye haoni ubovu katika ile ya "although", na ubovu wa sentensi zote mbili una sababu moja: "but" limeletwa kuunganisha, na upande wa kushoto halina cha kushika.

Sarufi zote tatu, kwa hiyo, zinaafikiana kwa matokeo ingawa zinatofautiana kwa njia. Kiingereza hakikatazi kuuonesha ukinzani mara mbili. Kinachokataza ni kutumia kiunganishi ambatanishi mahali pa kielezi.

4.0 Tabia ya "Ingawa" na "Lakini"

Swali linalobaki ni kwa nini mzungumzaji wa Kiswahili analichagua "but". Jibu la kawaida ni kwamba anatafsiri neno kwa neno kutoka sentensi kama "Ingawa mvua ilikuwa kubwa, lakini watoto walifika shuleni." Jibu hilo ni la kweli nusu. Linaeleza nyenzo zimetoka wapi bila kueleza zimepotokea wapi.

Neno "ingawa" lina umbo la kitenzi. Ndani yake mna kiambishi "i-", mofimu "-nga-" ya ukubalifu, na mzizi "-wa". Ndugu yake "ijapokuwa" nalo lina kitenzi ndani yake. Kwa asili, basi, msemaji anapoanza na "ingawa" anatangaza kukubali jambo kabla ya kuleta lingine linaloonekana kupingana nalo. Kishazi hicho kinahitaji mwitikio, na Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuitikia: "lakini", "hata hivyo", "bado". Yote yanakubalika mahali pale pale: "Ingawa mvua ilikuwa kubwa, hata hivyo watoto walifika."

"Lakini", lililotoka katika Kiarabu, lina kazi mbili. Katika "maskini lakini mkarimu" linaunganisha vivumishi viwili vyenye hadhi sawa, na hapo ni kiunganishi ambatanishi sawa na "but". Katika "Wenzake walikubali, yeye lakini alikataa" limeingia baada ya kiima na halikuunganisha vipande viwili kwa muundo, limekipa kishazi rangi ya ukinzani. Nafasi hiyo haiwezekani kwa "but" la Kiingereza sanifu, ambalo hukaa mwanzoni mwa kipande chake. Inawezekana kwa "however" na "nevertheless". Kwa maneno mengine, "lakini" ni neno moja linalofanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kati ya kiunganishi na kielezi.

Likipimwa hivyo, "lakini" linaloitikia "ingawa" ni lile la kazi ya pili. Linalolingana nalo ni "yet", na sentensi "Although it rained heavily, yet the pupils came to school" inakubalika kwa Murray na kwa Quirk na wenzake. Mwanafunzi, basi, alikuwa na muundo sahihi. Alipofika kwenye kamusi ya kichwani mwake alikuta "lakini" limeandikiwa "but" peke yake, kwa sababu ndivyo orodha za msamiati zilivyomfundisha. Kosa lilitendeka hapo, katika uteuzi wa neno, baada ya fikra kukamilika.

Ushahidi wa kwamba jambo hili si la mantiki unapatikana pia nje ya Kiswahili. Kichina huoanisha "suiran" na "danshi" kwa namna hiyo hiyo, na walimu wa Kiingereza kwa Wachina husahihisha kosa lile lile. Kihindi na Kiurdu huruhusu kishazi cha ukubalifu kiitikiwe na "lekin", neno lenye asili moja na "lakini". Haielekei kwamba mamia ya mamilioni ya wazungumzaji wa lugha zisizo na udugu wamekosa mantiki kwa namna moja. Inaelekea zaidi kwamba kuitikia ukinzani ni jambo la kawaida katika lugha, na kwamba Kiingereza cha sasa, kwa kupunguza matumizi ya "yet" katika nafasi hiyo, kimeacha pengo ambalo wageni wanajaribu kulijaza kwa neno lililo karibu.

5.0 Kipimo Hicho katika Viunganishi Vingine

Kama kiini cha tatizo ni kulinganisha maneno kwa orodha badala ya kulinganisha mienendo, kiini hicho kinapaswa kuonekana katika makosa mengine. Na kinaonekana.

Mfano wa kwanza ni "unless". Kiswahili hueleza sharti kanushi ndani ya kitenzi kwa "-sipo-": "Asipokuja, tutaondoka." Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa "unless" ni kiunganishi cha sharti hulitwaa kama "if", kisha hutafuta mahali pa kuweka ukanushi aliousikia katika "asipokuja", na huandika "Unless he does not come, we shall leave." Lakini "unless" limekwisha kubeba ukanushi ndani yake. Sentensi yake sasa inasema kinyume cha alichokusudia. Hapa kosa ni zito kuliko lile la "although", kwa kuwa msomaji hatambui kuwa kuna kosa. Anaelewa tu jambo lisilo kweli. Katika maelekezo ya dawa au masharti ya mkataba tofauti hiyo inaweza kuwa ghali.

Mfano wa pili ni "if" na "when". Mofimu "-ki-" katika "Akija, mwambie anisubiri" haiamui kama kuja ni jambo la hakika au la shaka. Muktadha ndio unaoamua. Kiingereza kinamlazimisha msemaji aamue kabla ya kufungua kinywa. Mwanafunzi anayeandika "if" pale panapotakiwa "when" hajakosa kuelewa wakati. Hajafundishwa kwamba lugha ya pili inauliza swali ambalo ya kwanza haiulizi.

Mfano wa tatu ni "and". Usimulizi wa Kiswahili huunganisha matukio kwa "-ka-" ndani ya vitenzi: "Alifika, akaketi, akala." Kiingereza huweka "and" mara moja, kabla ya tendo la mwisho, na huacha kiima kikirudi chenyewe kimyakimya: "He arrived, sat down and ate." Mwanafunzi anayetafuta cha kuweka mahali pa kila "-ka-" hujaza ukurasa kwa "and he". Maelezo kwamba "and" ni "na" hayamsaidii, kwa kuwa katika sentensi yake ya Kiswahili hamna "na" hata moja.

Katika mifano yote mitatu uunganishaji wa Kiswahili umo ndani ya kitenzi, ilhali ule wa Kiingereza umo katika neno linalojitegemea. Somo linaloanza kwa orodha ya viunganishi vya Kiingereza na tafsiri zake haliwezi kuiona tofauti hiyo, kwa sababu "-ka-", "-ki-" na "-sipo-" haviingii katika orodha ya viunganishi.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la kivitendo. Inaweza kudaiwa kwamba kanuni ya kiunganishi kimoja, hata kama si ya kweli, ni fupi na inaokoa alama. Madai hayo yangekuwa na nguvu kama kanuni ingefanya kazi. Lakini mwanafunzi anayeitii kwa dhati anajinyima "but although", "and because" na "if" na "then", yaani miundo ileile inayotofautisha insha iliyokomaa na insha ya mwanzo. Kanuni ya kweli haihitaji kuwa ndefu: "but" huunganisha vipande viwili vilivyo sawa, na kishazi cha "although" ni sehemu ya kile kinachofuata, si mwenzake.

Pingamizi la pili ni kwamba jozi ya "although" na "yet" ina ladha ya kale, na kuifundisha ni kumvisha mwanafunzi kanzu ya babu yake. Pingamizi hili lina ukweli. Katika Kiingereza cha leo jozi hiyo ni nzito, na mwandishi mzuri huitumia kwa nadra, hasa pale kishazi cha kwanza ni kirefu na msomaji anahitaji kukumbushwa. Linalopendekezwa hapa si kuijaza katika kila insha. Ni kuitumia kama daraja: mwanafunzi aoneshwe kuwa muundo wake una nafasi katika Kiingereza, kisha aoneshwe kuwa Kiingereza cha sasa hupendelea kuiacha nafasi hiyo wazi. Anayeelezwa hivyo anajua anachokiacha na sababu ya kukiacha.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili, kwamba dawa ni kuisafisha sentensi ya Kiswahili yenyewe, ili "ingawa" lisifuatwe na "lakini" na mwanafunzi asipate pa kuponzwa. Pendekezo hilo lingekuwa kosa la kitaaluma. Lingeipima sarufi ya Kiswahili kwa kanuni ambayo, kama ilivyooneshwa, hata Kiingereza chenyewe hakina. Mwandishi wa Kiswahili anayeona sentensi yake inatosha bila "lakini" ana hiari ya kuliacha kwa sababu za mtindo. Kulifuta kwa hoja kwamba linarudia ukinzani kungetulazimisha kufuta pia "basi" linaloitikia "kama", na "ndipo" linaloitikia "alipo-".

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa kanuni ya kiunganishi kimoja haitokani na sarufi ya Kiingereza ya karne ya 18, wala ya karne ya 20, wala ya karne hii. Ni maelezo ya haraka yaliyozaliwa darasani, na yamedumu kwa sababu yanatoa jibu sahihi katika mfano mmoja mashuhuri kwa sababu isiyo sahihi. Murray aliona jozi bila kuona mwenendo. Quirk na wenzake waliona mwenendo kwa upana unaomlemea mwalimu. Huddleston na Pullum walitoa maelezo mafupi kwa istilahi ngumu. Mwalimu anaweza kuchukua kutoka kwa kila mmoja kile anachokihitaji: jozi kutoka kwa wa kwanza, jaribio la "and yet" kutoka kwa wa pili, na ulinganisho wa "although" na "despite" kutoka kwa wa tatu.

Kwa upande wa vitabu vya kiada na kamusi, pendekezo ni moja. Kidahizo cha "lakini" kisiishie kwenye "but". Kitaje kazi zake mbili, na kila kazi ipewe neno lake la Kiingereza pamoja na sentensi ya mfano. Nafasi inayohitajika ni mistari miwili au mitatu. Mwanafunzi atakayeisoma atasahihisha sentensi yake mwenyewe kabla haijafika kwa msahihishaji, na hataambiwa tena kuwa hawezi kufikiri kwa sababu tu alifikiri kwa Kiswahili.